Walikatazwa Kusalimiana

Nianze na hasira, maana hata nikijifanya nimetulia mtanijua tu. Kwa wiki kadhaa, katika kambi ya Kakuma, nililipwa mshahara kuwazuia wanawake wazima wasisalimiane. Hakuna aliyenishikia bunduki. Nilipewa karatasi ya kanuni, nikaisoma, nikaona imeandikwa vizuri, nikaenda kuwasomea wengine.

Kanuni zenyewe zilikuwa za kundi la tiba. Wanawake wanane, Wakongo na Warundi, waliopitia vitani mambo ambayo sitayataja hapa kwa kuwa si yangu, walikuwa wakutane mara moja kwa wiki katika chumba cha mabati chenye feni moja, wazungumze, na polepole wapone. Kanuni ya kwanza ilisema anayezungumza asikatizwe. Ya pili, yanayosemwa chumbani yabaki chumbani. Ya tatu, wakimaliza watoke mmoja mmoja, wasionekane wakitoka kwa kundi. Ya nne ndiyo iliyoniharibia usingizi: wakikutana nje, bombani au sokoni au kanisani, wasionyeshe hata kidogo kwamba wanajuana.

Niitendee haki kanuni hiyo, ilikuwa na sababu. Katika kundi lililotangulia, mwanamke mmoja alionekana akitoka chumba kile pamoja na wenzake, na jioni haijafika mtaa mzima ulikuwa umeshaamua wanaoingia humo ni wanawake wa aina gani. Maneno yalimfuata mpaka kwaya. Basi mtu fulani, katika ofisi fulani yenye kiyoyozi, akafikiria namna ya kuwakinga wengine, akaona kinga ni kuwatenganisha. Hakuuliza huku kwetu mtu akikupita bila salamu anakuwa amekuambia nini.

Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza. Mimi ni Mturkana wa Kanamkemer, hapa Lodwar, na nimelelewa kwenye salamu. Kwetu mtu hapitwi. Hata ukiwa unakimbilia hospitali kujifungua utasimama, utasema ejok, utajibiwa ejok, utaulizwa habari za watu na za mifugo ijapokuwa mifugo yenyewe ilishaisha kwa ukame, ndipo utaachiliwa uende zako. Hayo yote nayajua. Lakini nilikuwa nimesomea ushauri nasaha hapa mjini, cheti changu kiko ukutani kwenye fremu, na nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kazi kabla ya kuajiriwa kuwa msaidizi wa mshauri kule kambini. Mtu aliyesota hivyo hafiki kazini siku ya kwanza akauliza maswali.

Siku za kazi nilikaa Kakuma, Ijumaa nikarudi nyumbani. Mama yangu husuka vikapu vya makuti ya mkoma mlangoni pake na kumkagua kila apitaye. Wikendi ile ya kwanza aliniuliza kazi ikoje. Nikamweleza, nikajigamba kidogo, na katika kujigamba nikaitaja kanuni ya nne. Aliacha kusuka.

"Kwa hiyo hao wanajuana, lakini wakionana wajifanye hawajuani?"

"Ni kwa usalama wao, mama."

"Sisi hata mtu tusiyejua kama ni adui tunasalimia kwanza. Akinyamaza ndio tunajua." Akanitazama kwa lile jicho lake la dhihaka. "Umesoma sana, mwanangu. Mpaka elimu imepita mbele ya akili."

Niliudhika. Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu, yeye hawezi kuyaelewa. Nilimwambia hivyo mama yangu mzazi, kwa mdomo huu huu ninaolia nao leo.

Siku ya kwanza ya kundi walikuja saba. Niliwasomea kanuni zote, wakaitikia, wakatia vidole kwenye wino. Wa nane alikosa kwa sababu siku hiyo ilikuwa ya mgao wa chakula upande wake, na mgao hauahirishwi. Alikuja wiki iliyofuata, akafika wenzake wameshakaa. Alikuwa mshonaji, Mkongo wa Kivu ya Kusini, mwanamke mrefu mwenye tabia ya kushika upindo wa nguo yako na kuuchunguza kabla hata hajakuangalia usoni. Nilimsimamisha mlangoni nikampa karatasi.

"Ni kanuni tu," nikamwambia. "Weka kidole hapa, nitakueleza baadaye."

Akaweka kidole. Hiyo baadaye nikaisahau. Nilikuwa na orodha ya mahudhurio ya kujaza, feni ilikuwa imekwama, na jioni ilipofika karatasi yake ilikuwa imelala kwenye faili pamoja na zile nyingine, haina tofauti nazo.

Kundi lilianza kushikamana. Wiki za mwanzo nilikuwa nawafundisha kupumua, kama nilivyofundishwa: vuta, shikilia, achia taratibu. Kulikuwa na mama mmoja Mrundi, mjane, mwili umejaa, sauti ya kuamsha mtaa, aliyenivumilia kwa dakika chache tu. "Mwalimu," akasema, "mimi napumua tangu nizaliwe. Tuambie jingine." Wakacheka wote, hata wale ambao nilikuwa sijawaona meno. Nadhani kicheko hicho kilifanya kazi kuliko pumzi zangu zote.

Wiki ya nne mshonaji akasema. Hakuna aliyemwomba. Alianza katikati ya habari nyingine, akiwa ametazama sakafu, na hakunyamaza mpaka alipofika mwisho. Mama Mrundi alikuwa amemshika mkono tangu mwanzo, na hakuuachia. Alipomaliza alisema hajawahi kuyasema hayo mbele ya watu, kwa miaka yote hiyo, hata kwa padri. Wote walikuwa wanalia, na mimi pia, ingawa mwongozo ulisema mshauri asilie.

Kisha muda ukaisha. Kundi jingine lilikuwa linasubiri chumba. Nikafuata kanuni ya tatu: aliyekaa karibu na mlango atangulie, wengine wafuate mmoja mmoja. Aliyekaa karibu na mlango alikuwa yeye. Akatoka peke yake kwenye jua lile, akaenda zake nyumbani.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, na kila nikiyakumbuka damu inanichemka upya. Kabla ya hapo alikuwa hatoki, maji akiletewa na mtoto wa jirani; kesho yake asubuhi alienda bombani mwenyewe. Wanawake watatu wa kundi letu wanateka maji bomba lile lile. Aliweka mtungi wake kwenye foleni, akamwona mama Mrundi, akamsalimia: jambo. Mama Mrundi akainama akajifanya anakaza kifuniko cha mtungi. Akamgeukia wa pili, wa pili akatazama mbali. Wa tatu alihama foleni kabisa. Siku mbili zilizofuata ikawa hivyo hivyo. Jumapili kanisani, wakati wa kupeana amani, mwingine wa kundi letu alikuwa kwenye benchi la mbele yake, na hakugeuka.

Wale wanawake hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa wanatii. Walikuwa wanamkinga, maskini, na walikuwa wanamkinga kwa bidii zaidi kuliko wanavyomkinga mtu yeyote kwa sababu walikuwa wamemsikia. Lakini yeye hakuwa amesomewa kanuni yoyote. Yeye alijua jambo moja tu: kwamba amefungua kinywa akasema siri yake, na asubuhi yake wote walioisikia wakaacha kumsalimia.

Wiki ya tano hakuja. Ya sita hakuja. Utaratibu ulisema apigiwe simu mara tatu, na asipopatikana faili lifungwe. Simu yake ilikuwa imezimwa. Msimamizi wetu, dada wa Nairobi mwenye adabu na ratiba ndefu, alinikumbusha kwamba Ijumaa nifunge faili, na akanionyesha mahali pa kuandika sababu. Sababu ilikuwa imeshachapishwa tayari, kazi yangu ni kuweka alama tu: ameacha kwa hiari yake. Kwa hiari!

Alhamisi mama Mrundi alinivizia langoni mwa ofisi, mchana kweupe, jambo ambalo lilikuwa kosa. Hakujali.

"Mwalimu, mashine imenyamaza," akasema.

Anakaa njia moja na mshonaji. Kila siku tangu asubuhi alikuwa anaisikia ile cherehani, mpaka ameizoea kama kuku wake. Sasa siku kadhaa kimya. Ameuliza, akaambiwa mashine iko kwa jirani. Mshonaji amempa bure, na sufuria zake mbili, amesema hatazihitaji tena. Mlango wake umefungwa kwa ndani na jikoni hamna moshi.

Anayegawa vitu vyake namna hiyo ninajua anakokwenda. Kwenye kozi walitufundisha, lakini hata wasingetufundisha ningejua.

"Alinisalimia mara tatu," mama Mrundi akaendelea, na ile sauti yake kubwa ikawa haipo. "Nikakaza kifuniko. Mtungi wenyewe haukuwa hata na maji. Nilidhani anajua, mwalimu. Sote tulidhani anajua."

Hapo ndipo nilipokikumbuka kile kidole mlangoni.

Nikarudi ndani kwa msimamizi. Nikamwambia yote, na kosa langu nikalitaja kwanza. Nikaomba kundi zima liende kwake sasa hivi, maana yeye anaamini ni kundi lililomtupa, na mimi peke yangu siwezi kumtolea hilo moyoni.

"Kundi haliwezi kwenda," akasema. "Huo ni uvunjaji wa usiri. Jaza fomu ya dharura, mwanasaikolojia anarudi Jumatatu."

"Jumatatu atamkuta nani?"

"Basi nenda wewe na muuguzi. Wawili tu. Na msivae sare."

Nikamuuliza ni siri gani tunayoilinda ambayo ni kubwa kuliko mtu mwenyewe. Akasema anaelewa hisia zangu. Naomba Mungu asinijalie tena kusikia mtu akiniambia anaelewa hisia zangu huku anatafuta fomu kwenye droo.

Nikatoka kumtafuta muuguzi, nikamkuta mama Mrundi bado yuko langoni, na nyuma yake wengine sita. Alikuwa ameshawapitia mmoja mmoja wakati mimi nabishana. Nikawaambia hatujaruhusiwa.

"Wewe ndiye umeomba ruhusa," akanijibu. "Sisi hatujaomba mtu."

Basi tukaenda. Wanawake saba, muuguzi, na mimi, katikati ya barabara ya kambi, saa saba ya mchana. Hawakwenda mikono mitupu, maana kwa mtu aliyefungiwa na huzuni huendi mikono mitupu: mmoja alijitwika kuni, mmoja maji, mmoja unga kwenye kitenge. Njiani walisalimia kila mtu, wenye maduka, waendesha bodaboda, watoto, mpaka na mama mmoja Mturkana aliyekuwa anauza mkaa, ambaye walimwambia ejok wakalipotosha kidogo naye akacheka. Walisalimia kwa nguvu, kama watu waliofunguliwa midomo.

Mlango wa mabati ulikuwa umefungwa. Mama Mrundi akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena, akasema ni sisi. Kimya, lakini tulisikia kitanda kikilia, tukajua yuko hai. Muuguzi alinitazama, mimi nikafungua mdomo nianze maneno ya kozi, na mama Mrundi akanisogeza pembeni kwa kiwiko.

Akaweka paji la uso kwenye bati lile la moto. "Mama," akasema, "ni mimi wa bombani. Habari ya Alhamisi ile. Habari ya Ijumaa. Habari ya Jumamosi. Nilikuona. Nilikusikia siku zote tatu. Umeamkaje?"

Akaondoka, akaja wa pili. "Mimi ndiye niliyetazama pembeni. Jambo, mama. Habari ya asubuhi ile, na ya kesho yake." Wa tatu akaja, yule aliyehama foleni. Wa nne akasema, "Mimi nilikuwa benchi la mbele. Amani iwe kwako, ya Jumapili ile." Wakapita hivyo wote saba, kila mmoja akimpa salamu alizomnyima, siku kwa siku, na wale ambao hawakukutana naye popote wakamsalimia kwa siku ambazo hawakuja kumtafuta. Majirani walikuwa wamejaa. Hakuna aliyejificha.

Kitasa kikagonga, akatoka. Amekonda, macho mekundu. Hakuwatazama wao, alinitazama mimi.

"Batu bote banapita sawa banaona maiti," akasema. "Mimi nasema, haya, nilifungua kinywa, sasa ninanuka. Na wewe, mwalimu, ulijua ju ya nini banafanya vile?"

"Nilijua," nikasema. "Iko kwenye karatasi uliyotia kidole. Sikukusomea. Ni kosa langu, nisamehe."

"Karatasi," akasema. Akarudia: "Karatasi!" Kisha akanishukia. Alinigombeza kwa Kiswahili, kikamwishia, akaingia kwenye lugha ya kwao, akaendelea muda mrefu, mkono umenielekea usoni. Sikuelewa neno hata moja na nilistahili yote. Wenzake hawakunitetea. Wawili walikuwa wameshakwenda kwa jirani kuchukua cherehani na sufuria, wengine wamewasha moto. Mwishowe mama Mrundi akamvuta kitenge.

"Mgombeze ukiwa umekaa, mama. Chakula kiko tayari."

Akakaa, akala. Muuguzi alikaa naye baada ya chakula, na siku zilizofuata alimpeleka kwa daktari, na hilo nalo lilisaidia, silikatai. Lakini zile siku mbili za kwanza hakulala peke yake, na hao waliolala naye hawakuwa kwenye mpango wa shirika.

Mimi nilipewa barua ya onyo, kwa Kiingereza safi, kwamba nimehatarisha faragha ya wateja. Niliitia sahihi. Na kweli maneno yalianza mtaani, kama kanuni ilivyobashiri. Dada mmoja alimuuliza mama Mrundi dukani, mbele ya watu, kama naye anaenda kule kwa wale wa vitani. "Naenda," akajibu, "na nina wenzangu saba. Wewe uchungu wako umempelekea nani?" Wote wanane walijifunza jibu hilo. Mshonaji alilitumia bombani yeye mwenyewe kabla wiki haijaisha, na walioteka maji siku hiyo waliniambia alilisema bila kuinamisha kichwa.

Kanuni ya nne haikufutwa. Mpaka leo inasomewa makundi mapya.

Wiki ya mwisho ya awamu hiyo, kabla waliopona hawajaruhusiwa kuendelea kukutana wenyewe, nilipewa fomu ya kupima kama wamepona. Nilikaa na kila mmoja peke yake, nisome swali, aseme namba, kuanzia sifuri mpaka nne. Mshonaji alijibu vizuri habari za usingizi, za chakula, za kushtuka. Tukafika swali la mwisho: naweza kukabiliana na matatizo yangu mimi mwenyewe, bila kutegemea wengine.

"Sifuri," akasema, bila kufikiri.

Nikaweka kalamu chini. Nikamweleza kwamba akipata sifuri pale atahesabiwa hajapona. Atatolewa kwenye kundi, apelekwe chumba kidogo cha upande wa pili, awe anazungumza na mshauri mmoja, mlango umefungwa.

"Na benzangu?"

"Hawataruhusiwa."

"Dada, mutu aliandika hii swali, yeye hana batu bake?" Nje wenzake walikuwa wanamwita, wameshamaliza, wanataka kwenda. Akainuka. "Andika unavyotaka. Mimi najua yenye nilisema."

Nikaandika nne. Ndio uongo pekee niliouweka kwenye karatasi za ofisi ile, na nikiambiwa nirudie nitarudia.

Baadaye ripoti ilisomwa kwenye mkutano, mbele ya wageni. Hawakumtaja jina, lakini nilimjua: mshiriki mmoja, walisema, aliyekuja amevunjika, ambaye sasa kwa njia zetu za kitaalamu amejenga ujasiri wa kusimama peke yake. Wageni wakapiga makofi. Msimamizi wetu akanitabasamia. Nilitaka kusimama nipige kelele kwamba mwanamke yule hajasimama peke yake hata siku moja, na kwamba ndiyo maana yuko hai. Lakini ningesema, wangemtoa kwa wenzake. Nikakaa kimya mpaka makofi yakaisha.